Kofia Amebaki Ngenge

Jumanne, 2 Oktoba 1973. Kahororo.

Jumapili ukumbi mkubwa wa mjini uliingiza watu mia nne na ushei kumtazama Mchina mmoja akirusha mateke. Mimi, mtaa wa pili, niliwaonyesha kauboi watu kumi na tisa, na watatu kati yao walikuwa wanajikinga mvua.

Mwaka uliofuata Uhuru watu walivunja mlango wangu ili wamwone Kofia. Mlango niliutengeneza mwenyewe, kwa mbao zangu, na sikunung'unika. Siku hizi vijana wanapita nje ya ukumbi wangu wakirusha miguu hewani. Mmoja juzi alikosea hesabu, akapiga nguzo.

Kofia si jina lake. Kwenye mkanda ana jina la Kizungu, lakini Bukoba tulimwita Kofia kwa kuwa hata akitumbukia mtoni kofia haimtoki kichwani. Anafika katika mji mdogo wenye vumbi, anakuta tajiri mmoja, tunayemwita Masharubu, amezungushia kisima waya. Wanapigana. Kofia anashinda. Mjane mwenye nyumba ya wageni anampenda, naye anapanda farasi anakwenda zake. Basi. Ni hayo tu, na kwa hayo nimejenga nyumba ya bati na kumzika mke wangu kwa heshima.

Mkanda ulikuwa futi elfu tatu nilipoununua kwa Mhindi aliyekuwa anafunga duka. Kila ukikatika naunganisha kwa gundi, na kila nikiunganisha napoteza kipande. Futi thelathini na sita ni dakika moja. Mpaka leo nimempunguzia Kofia dakika nne za maisha yake.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mvua. Watu saba.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimeitwa ofisi ya utamaduni. Bwana Ildefons, kijana wa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata, kanikalisha kwenye kiti kinachoyumba.

"Shikamoo mzee Anatory."

"Marahaba."

"Mzee, utaratibu umebadilika. Ifikapo tarehe thelathini Novemba, kila mashine ya sinema ya mtu binafsi iwe na mwenyeji. Kijiji, shule, au ushirika. Isiyo na mwenyeji inakwenda stoo ya mkoa."

"Ikafanye nini stoo?"

"Ikasubiri."

"Ikasubiri nini?"

"Maelekezo."

Nikamwambia mashine hiyo sikupewa na mtu. Nilianza kwa kufagia maganda ya karanga ukumbini mwa watu, nikawa mkata tiketi, nikawa mshika taa, nikanunua projekta, nikanunua jenereta. Aliyekuwa hayupo wakati nafagia asije leo kunitafutia mwenyeji.

Akasema, kwa adabu inayoudhi, "Hakuna anayekunyang'anya, mzee. Tafuta kijiji. Lakini sijui kama kuna kijiji kitataka kauboi. Zama hizo zimepita."

Nimerudi Kahororo kwa miguu ili hasira ipungue. Haikupungua.

Jumapili, 14 Oktoba. Izimbya.

Nimemkodi Yunus na pikapu yake. Babu yake Yunus alitoka pwani na msafara. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Mwanza, lakini anajiita mtu wa pwani na anatucheka sisi Wahaya kwa lafudhi. Njia nzima ameniimbia.

Uwanja wa shule ulijaa. Mkanda ulikatika mara mbili. Baadaye kamati ya kijiji ilikaa chini ya paa la ghala, nami nikasubiri nje kama mshtakiwa. Mwenyekiti wao, Gamaliel, akatoka na jibu.

"Ta Anatory, tumeitazama vizuri. Filamu yako haina hata mche mmoja wa kahawa."

"Pale ni jangwani, Ta Gamaliel."

"Basi walioitengeneza wangetafuta mahali penye mvua. Mgomba je? Sikuuona. Wale watu wanakula nini?"

"Maharage."

"Na nini?"

"Maharage tu."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Ndiyo maana wanapigana."

Wamekataa.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimepoteza futi sita. Sasa Kofia anaanguka kutoka ghorofani, na kabla hajafika chini yuko tayari baa anakunywa. Yunus anasema huyo ndiye mwanamume hasa.

Jumanne, 23 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Petroli imekuwa ngumu kupatikana, wanasema ni vita vya Waarabu. Kila kitu duniani kinanijia mimi.

Ijumaa, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Nimepalilia kaburi la mke wangu Jovita. Shuka la sinema alilishona yeye, yadi kumi na mbili za marekani nzito, pindo mara mbili. Kila kitu changu kimeshachanika isipokuwa mshono wake.

Jumanne, 6 Novemba

Kijiji cha pili kimekataa. Huko katekista alisimama mbele ya taa wakati mjane anamtazama Kofia kwa jicho lile. Akabaki pale mpaka jicho likaisha. Watu walimwona Kofia kwenye kanzu ya katekista, bastola kifuani na rozari shingoni. Hakuna siku waliyocheka kama ile. Lakini kura ni kura.

Jumatatu, 12 Novemba

"Twende Ngenge," kasema Yunus.

"Muleba kote huko? Kwa petroli ipi?"

"Ninayo lita ishirini nimeificha kwa mama mkwe. Ngenge kuna ng'ombe, Bwana Anatory. Mpelekee mtu wa ng'ombe filamu ya ng'ombe. Wewe unawapelekea watu wa migomba halafu unashangaa."

Nimechukia kwamba sikuliwaza mwenyewe. Huyu mtu miaka yote nimemhesabu kuwa mdomo na usukani.

Jumapili, 18 Novemba. Ngenge.

Niandike vizuri, kwa sababu siku kama hii sijaiona tangu mlango uvunjwe.

Mwenyekiti wa kijiji ni Ta Karugendo, mzee mrefu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote. Alitupokea kwa akamwani, zile buni za kutafuna, akanitazama nikitafuna mpaka akaridhika. Kiongozi wa kina mama ni Ma Theopista, mjane, mfupi, ana sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde. Tulifunga shuka kwenye nguzo mbili kando ya ghala la kahawa. Mimi ndiye mkalimani, kama siku zote. Ninachokijua nakitafsiri, nisichokijua naunga.

Ng'ombe walipotokea, Ta Karugendo alisimama.

"Hawa ni wa nani?"

"Wa Masharubu."

"Wote? Na anayewakamua ni nani?"

"Hawakamuliwi, Ta. Ni wa nyama."

"Mawe, mama yangu! Ng'ombe wote hao na hakuna kibuyu cha maziwa!" Uwanja mzima uliguna.

Kofia alipoingia baa bila kusema neno, na kila mtu akashika bastola, Ma Theopista alipaza sauti kutoka nyuma: "Si amsalimie kwanza mwenye nyumba! Wangesalimiana, nusu ya hawa wangekuwa hai."

Masharubu alipofunga kisima hawakucheka. Ta Karugendo akasema taratibu, kama anayezungumza na moto wa jikoni, "Huyu namjua. Shamba alilolima baba yangu lilikuwa lake, na tulimlipa mpaka juzi juzi serikali ilipofuta nyarubanja, ule utwana wa ardhi. Masharubu yake tu ndiyo yalikuwa mafupi."

Tangu hapo sikuhitaji kutafsiri. Walimpigia Kofia makofi kila ngumi. Lakini mwishoni, alipomuaga mjane akapanda farasi, kina mama walizomea.

"Anakwenda wapi?" Ma Theopista alinijia moja kwa moja, kana kwamba farasi ni wangu. "Amepata maji. Amepata nyumba. Amepata mwanamke mwenye biashara yake. Anakwenda wapi?"

"Ndivyo walivyo makauboi, Ma. Wanaondoka."

"Basi ni wajinga. Na wewe unayezunguka na mjinga wa namna hiyo, hatujui."

Kamati imegawanyika. Wanaume wanataka, kina mama wanasema filamu inawafundisha wanaume kuondoka. Nirudi Jumamosi waitazame tena.

Jumatano, 21 Novemba

Mvua na jua pamoja. Watoto wa Kahororo wameanza kutazama angani. Wanasema senene, panzi wetu wa kula, wako karibu. Mimi natazama kalenda.

Jumapili, 25 Novemba. Ngenge, asubuhi.

Jana mvua ilinyesha mchana, ikakatika jua likizama. Hewa ikawa nzito, haina upepo. Mtu yeyote wa nchi hii angejua maana yake. Mimi nilikuwa nafikiria jenereta.

Saa moja na nusu tukaanza. Rili ya kwanza ilikwenda kama maji. Nilipowasha ya pili, senene mmoja alitua kwenye shavu la Masharubu. Watu wakacheka. Akaja wa pili, wa kumi, kisha sikuhesabu tena, na mimi ni mtu wa kuhesabu. Walifuata mwanga wangu kama wameitwa kwa jina. Shuka lilikuwa jeupe, likawa kijani, likaota manyoya yanayotembea. Mji wote wa makauboi ulikuwa unatambaa.

Hapo kina mama waliinuka. Vikapu, sufuria, kanga, hata kofia ya Yunus ilichukuliwa. Wakaenda mbele kwenye shuka kuokota, na vivuli vyao vikaingia ndani ya filamu. Kofia alifyatua risasi, aliyeinama akawa Ma Theopista. Farasi walipita kati ya akina mama wa Ngenge na hakuna aliyekanyagwa. Wanaume wakapiga kelele, "Tokeni mbele, hatuoni!" Nao wakajibu, "Kesho mtakula nini, risasi?"

Mimi nilivua shati nikafunika projekta. Haikutosha. Senene aliingia kwenye mlango wa lenzi, akasagika, na mkanda ukakwama. Yeyote aliyewahi kushika kazi hii anajua kinachofuata. Picha ikisimama mbele ya taa, inaungua.

Ilisimama pale ambapo Kofia yuko mlangoni kwa mjane. Ni mara moja tu katika filamu nzima anapovua kofia, na ndipo ilipokwama. Ameishika mkononi, anamtazama mama yule. Kisha picha ikatoa malengelenge, ikachemka kama uji, ikaacha tundu la mwanga. Nilipozima taa mwisho wote ulikuwa umeshikana na kuwa kidonge cheusi. Zilikuwa futi hamsini na mbili: kuaga, farasi, mlima, na maandishi.

Nilisimama kifua wazi, senene wakinitembea mgongoni. Nilihisi miaka yangu yote ya kufagia imeishia pale. Siku tano zimebaki, na filamu haina mwisho.

"Imekwisha?" akauliza Ma Theopista gizani.

Sikuwa na nguvu ya kueleza mambo ya lenzi.

"Imekwisha."

"Kofia yuko wapi?"

"Si mmemwona? Mlangoni."

"Hakuondoka?"

"Kwani wewe umemwona akiondoka?"

Kisha kigelegele kimoja, kisha vyote. "Amebaki! Wiki nzima amefikiria, amepata akili!" Walijua vizuri ni mkanda ulioungua, harufu ilikuwa puani mwao. Lakini walipiga vigelegele kama wanamwingiza bwana harusi.

Asubuhi hii, nilipoamka kwa Ta Karugendo, nikaletewa sinia la senene waliokaangwa kwa kitunguu. Nikala. Mwanga ulikuwa wangu, petroli yangu, mkanda ulioungua wangu, nani mwingine ale? Kule mjini, ambako senene hunaswa chini ya taa, ndivyo tunavyohesabu: mwenye taa ndiye mla. Nilipofika katikati ya sinia, Ta Karugendo akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Ta Anatory, unajua zimeokotwa na nani?"

"Na kina mama."

"Wote. Wamechanga, kila kikapu kimetoa konzi. Na wewe ni Mhaya au ni mtoto wa misheni? Mwanamume akila senene za mwanamke, anafanya nini?"

Mdomo wangu ukasimama. Anamvika. Anamnunulia nguo. Kwa Jovita sikuwahi kukosa hata mwaka mmoja.

"Hiyo ni kati ya mume na mke," nikasema.

"Basi umeoa thelathini na mmoja. Nenda ukawasalimie, wako nje."

Walikuwa nje kweli. Ma Theopista mbele.

"Waitu, mzee wetu, umeshiba?"

"Nimeshiba, Ma."

"Tuvishe."

Nikawaambia sina kitambaa. Wakatazama wote kwa pamoja kule kwenye nguzo, shuka la Jovita likiwa bado linaning'inia na madoa ya kijani. Nikapiga hesabu kwa sauti ili nijiokoe: yadi kumi na mbili kwa wanawake thelathini na mmoja ni inchi kumi na nne kasoro kila mmoja, haifiki hata kilemba.

"Nani kasema tutalikata?" akasema Ma Theopista.

Akaenda akalifungua mwenyewe, akalikunja pindo kwa pindo. Alipofika kwenye mshono alisimama, akaupitisha kidole. "Nani alishona?"

"Marehemu mke wangu."

"Alijua kushona," akasema, na akalikunja polepole zaidi.

Jumatatu, 26 Novemba

Kahororo. Nina projekta, jenereta, mkanda usio na mwisho, na sina shuka. Nimekwenda kufanya onyesho nikarudi nimevuliwa nguo na wanawake wa kijiji kizima kwa sababu ya tamaa ya sinia moja. Yunus alicheka kuanzia Muleba mpaka Bukoba. Kamati nayo haikusema neno.

Jumatano, 28 Novemba

Nimesafisha mashine kwa ajili ya stoo. Nimetoa mguu wa senene kwenye lenzi. Sikuweza kuutupa.

Alhamisi, 29 Novemba

Nilimwambia Yunus apakie kila kitu. Ya nini kusubiri siku ya mwisho nikaonekane nalia. Saa nne tulikuwa ofisi ya utamaduni.

Kwenye kile kiti kinachoyumba alikuwa amekaa Ma Theopista. Kikapu miguuni, na ndani ya kikapu shuka langu, limefuliwa, limepigwa pasi. Alikuwa ametoka Ngenge na basi la alfajiri. Ta Karugendo alikuwa amesimama ukutani, amevaa koti.

"Mzee Anatory, afadhali umekuja," akasema Bwana Ildefons. Suti yake leo ilikuwa imekunjamana. "Hawa wanasema Ngenge ina sinema."

"Nusu," akasema Ma Theopista. "Shuka ni letu. Mashine ni yake. Shuka bila mashine ni shuka, na mashine bila shuka inapiga mwanga ukutani. Ukiipeleka yake stoo, umepeleka nusu ya mali ya kijiji. Nani atatujibu?"

"Mama, mlilipata wapi shuka?"

"Alikula senene zetu."

Bwana Ildefons ni Mhaya. Akatazama dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Na kijiji kimekubali? Kauboi?"

"Kimekubali," akasema Ta Karugendo. "Kauboi ni mambo ya mzee huyu. Sisi tuna habari na yule aliyekomboa kisima."

"Mimi nilikuwa sitaki," akasema Ma Theopista. "Alikuwa anaondoka ovyo. Sasa amebaki, tumemkubali."

Bwana Ildefons akachukua kalamu. Ana sharti moja: kila onyesho lianze na filamu ya ofisi, ya namna ya kuchimba choo. Dakika ishirini. Nikasema hata saa nzima. Choo, kisha Kofia. Akaandika *Mwenyeji: Kijiji cha Ngenge*, akagonga muhuri.

Nje, nikamwambia Yunus ageuze pikapu. Akaniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Nikamwambia ni vumbi. Ilikuwa inanyesha.

Ijumaa, 30 Novemba

Nimelala mpaka saa mbili. Sijawahi.

Jumamosi, 8 Desemba

Nimenunua yadi nne za kitenge. Yunus kauliza ni za nani. Nimemwambia ashike usukani.

Jumapili, 9 Desemba. Ngenge.

Sikukuu ya Uhuru. Ngoma mchana, hotuba fupi, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha. Bwana Ildefons amekuja kuhakikisha choo kinaonyeshwa. Kimeonyeshwa, na Ta Karugendo amekosoa kina cha shimo.

Kisha Kofia. Wanaijua yote sasa. Kofia alipoingia baa, uwanja mzima ulimsalimia mwenye nyumba kwa niaba yake. Masharubu alipofunga kisima, wazee walikohoa kwa pamoja. Kule mjini Mchina anajaza ukumbi, naye ajaze, sina kinyongo leo. Kila mahali watu watachoka na kitu chao. Hawa hawajachoka na maji.

Kofia alifika mlangoni, akavua kofia, nikazima taa. Vigelegele.

Bwana Ildefons alinisogelea. "Mzee, hapa si palikuwa na sehemu ya farasi? Anakwenda mpaka anakuwa nukta?"

"Uliiona wapi?"

"Juu ya ukuta wako, mwaka wa sitini na mbili. Ulinirushia fagio."

"Lilikupata?"

"Hapana."

"Basi hatudaiani."

Nilipokuwa nafungasha, Ma Theopista alikuja kuchukua shuka lake. Nilimpa na kitenge. Alikipima kwa mkono, yadi nne, akakiweka chini kabisa ya kikapu. Kisha akaona lile kopo dogo ninalotembea nalo. Kwenye kidonge kile cheusi nilikuwa nimeokoa futi kumi na moja, safi, zinazoweza kuunganishwa nikitaka.

"Una nini humo?"

"Farasi wa Kofia."

Alinitazama kidogo.

"Mwache ale majani," akasema.

Nimefunga kopo.